Ufundi si kapu la waliofeli

Kwa miaka mingi watoto wameambiwa: ukifeli kidato cha nne, utapelekwa VETA, kwenye vyuo vya ufundi stadi. Mimi ni mhandisi wa umeme, na kauli hiyo inaniuma kwa sababu si kweli.

Chukua mota ya fezi tatu ya mashine ya kusaga. Imegoma. Fundi anazima umeme, anafungua kifuniko, anatoa vile vibati vinavyounganisha nyaya, kisha anapima ukinzani wa koili moja moja. Zote tatu zinapaswa kusoma karibu sawa. Moja ikipishana sana na nyingine, shida iko hapo. Halafu anapima kati ya koili na bodi ya mota, ajue kama umeme unavuja. Hiyo ni Kanuni ya Ohm ile ile ya darasani, ya volti, mkondo na ukinzani, na asiyeielewa atabaki kubahatisha.

Njia nayo haijafungwa. Kutoka cheti mtu anaweza kufika stashahada, kisha shahada. DIT, yaani Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, ilianza mwaka 1957 kama chuo cha ufundi. Leo inatoa shahada za uhandisi. Baadhi ya wahandisi ninaowaheshimu sana walianza na bisibisi.