Dondoo la kiungo cha chakula "kulinda seli za neva": maana yake

Ukisoma kwamba dondoo la manjano, yaani kemikali zilizotolewa kwenye kiungo cha manjano (binzari), hulinda seli za neva, elewa kwamba neno hilo lina maana finyu. Seli zilizotiwa dondoo kisha zikapewa sumu zimekufa chache kuliko zilizopewa sumu peke yake. Basi. Ubongo wa mtu haujaguswa bado.

Mara nyingi seli hizo ni PC12, zilizotokana na uvimbe wa tezi ya adrenali ya panya. Huoteshwa kwenye sahani yenye vishimo 96, zikatiwa dondoo, kisha hidrojeni peroksaidi au glutamati ya kuziumiza. Mwisho hutiwa MTT, rangi ya njano ambayo seli hai huigeuza zambarau. Zambarau ikikolea, zilizonusurika ni nyingi.

Mtego uko hapo. Kemikali nyingi za viungo huigeuza MTT zenyewe, hata pasipo seli, kwa hiyo lazima viwepo vishimo vyenye dondoo na MTT tu. Kosa jingine ni kutia dondoo na peroksaidi kwa pamoja: dondoo huimaliza peroksaidi mle mle majini. Namba zitapendeza, kumbe seli hazikushambuliwa kabisa. Anayeijua kazi huosha seli kwanza kuondoa dondoo, ndipo atie sumu. Nafuu ikibaki hata hivyo, inaelekea seli zenyewe zimeamshwa kutengeneza vimeng'enya vya kujihami, mara nyingi kupitia protini iitwayo Nrf2.

Kurkumini, kemikali mashuhuri ya manjano, ina udhaifu wake: katika kimiminika kisicho na seramu (majimaji ya damu), cha pH 7.2 na joto la 37°C, kiasi cha asilimia 90 huharibika ndani ya dakika 30. Jaribio la saa 24, basi, huenda linapima mabaki yake.

Tuje jikoni. Kurkumini ni kama asilimia 3 ya unga wa manjano, yaani kijiko cha chai cha gramu 3 kina miligramu 90 hivi, na utumbo hupitisha kidogo mno. Mwaka 1998 watu wenye afya walipewa gramu 2 za kurkumini pamoja na miligramu 20 za piperini, ukali wa pilipili manga. Iliyoingia damuni ikaongezeka takriban mara 20. Ila piperini hiyo hiyo huzuia vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa. Mchuzi hauna neno. Vidonge vya mchanganyiko huo, kwa anayemeza fenitoini ya kifafa, vinaweza kupandisha dawa hiyo damuni, kwa hiyo amwulize daktari kwanza.