Mkojo hautoki tumboni, unatoka kwenye damu

Nafundisha sayansi shule ya msingi. Kila tunapofika kwenye mfumo wa mkojo, namwita mtoto mmoja ubaoni achore njia wanayopita maji ya kunywa mpaka yawe mkojo. Safari hii alitoka binti mmoja mchangamfu. Akachora mdomo, akashusha koo, akachora tumbo kama kibuyu, kisha chini ya kibuyu akatoa mabomba mawili: nene la haja kubwa, na jembamba lililoingia moja kwa moja kibofuni. Darasa zima likampigia makofi.

Sikumlaumu, kwa sababu mchoro huohuo nimeukuta kwa watu wazima wengi, wakiwemo walimu wenzangu. Naamini bomba lile jembamba ndilo linalozaa karibu kila dhana potofu niliyowahi kusikia kuhusu figo. Ukidhani mkojo ni maji yaliyopita tu, utakubali kwamba figo husuuzwa kwa kinywaji, kwamba anayekojoa vizuri hana tatizo, na kwamba presha na figo ni mambo mawili tofauti.

Bomba hilo halipo. Maji unayokunywa hufyonzwa na utumbo, yakaingia kwenye damu, yakazunguka nayo mwili mzima. Ni damu ndiyo inayofika kwenye figo, tena nyingi: kama sehemu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo wa mtu aliyetulia huelekea kwenye viungo hivi viwili, kila kimoja na ukubwa wa ngumi. Kila figo ina vichujio vidogo sana vinavyokaribia milioni moja. Kwa siku moja vichujio vya figo zote mbili huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu. Panga madumu tisa ya lita 20 ukutani, uyajaze, uyatazame: hiyo ndiyo kazi ya siku moja.

Lakini hakuna anayekojoa madumu tisa. Tunakojoa lita moja hadi mbili, kwa sababu baada ya kuchuja, vijirija vya figo hurudisha kwenye damu karibu asilimia 99 ya maji yale, pamoja na sukari yote na chumvi nyingi. Watoto hushangaa nikiwaambia kwamba figo hurudisha kuliko inavyotupa. Kinachobaki, yaani yurea inayotengenezwa na ini kutokana na protini, kreatinini ambayo ni taka ya misuli, na maji na chumvi zilizozidi, ndicho kinachoshuka kwenye mirija miwili hadi kibofuni.

Hata umanjano wa mkojo asili yake ni damu. Chembe nyekundu huishi takriban siku 120, kisha huvunjwa, na mabaki ya rangi yake hupita kwenye ini. Sehemu kubwa huishia kwenye choo kikubwa na kukipa rangi ya kahawia, na kiasi kidogo huupa mkojo manjano yake. Kwa hiyo mkojo wa manjano peke yake si malaria wala si "UTI". Ukikolea, mara nyingi umekunywa maji machache. Vidonge vya vitamini B huung'arisha, na dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini huufanya uwe wa rangi ya chungwa, jambo linalowatisha wagonjwa ambao hawakuambiwa mapema. Mkojo mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, pamoja na macho ya manjano, huo nenda nao hospitali.

Siku iliyofuata nilipitia buchani nikanunua figo ya mbuzi. Ya ng'ombe ina mafundo mafundo. Ya mbuzi ni laini na ina umbo la haragwe kama yetu. Niliipasua kwa urefu mbele ya watoto. Nje kuna ukanda wa wekundu mzito, ambako vichujio vimejaa. Kuelekea ndani rangi hupauka, na katikati kuna uwazi mweupe wenye mafuta mafuta, mahali mkojo unapokusanyika kabla ya kushuka. Pale kwenye kishimo cha haragwe tulihesabu njia tatu: mshipa unaoleta damu, mshipa unaoirudisha, na mrija wa mkojo. Yule binti aliinusa sahani, akakunja uso, kisha akauliza: "Mwalimu, mbona sioni bomba la kutoka tumboni?" Tukalitafuta wote, tukalikosa.

Sasa nije kwenye lile linaloniuma zaidi: vinywaji vya "kusafisha figo". Wapo wanaouza majani, mizizi na mchanganyiko wa matunda kwa jina hilo, na wapo wanaosema bia inafanya kazi hiyo. Hakuna kinywaji kinachofika kwenye figo kikiwa bado kinywaji. Kikishafyonzwa kimekuwa sehemu ya damu, na chochote kibaya kilichomo, figo ndizo zitakazokumbana nacho. Baadhi ya mizizi ina sumu inayoziumiza kabisa. Bia humkojoza mtu kwa sababu pombe huizuia homoni inayoziagiza figo kurudisha maji, ndiyo maana mnywaji huamka na kiu kali. Huko ni kukaushwa. Maji yanatosha, kwa kadiri ya kiu, jua na kazi unayofanya. Aliyewahi kupata vijiwe vya figo hushauriwa anywe zaidi, na mgonjwa wa figo aliyevimba miguu anaweza kuambiwa apunguze. Kipimo kimoja cha glasi kwa kila mtu hakipo.

Mjomba wangu alikuwa anasumbuliwa na goti. Kila jioni alimeza diklofenaki ya kununua mwenyewe, na kila asubuhi alikunywa glasi ya majani ili "kuzilinda figo". Alikuwa na presha pia, ila vidonge vyake alikuwa anaviruka akijisikia vizuri. Nilipomwomba akapime, alinijibu, "Mjomba, mbona nakojoa vizuri tu?" Dawa za maumivu za kundi la diklofenaki na ibuprofeni hupunguza damu inayoingia kwenye vichujio. Kwa siku mbili tatu mtu mzima mwenye afya huvumilia, lakini kwa miezi, kwa mwenye presha, ni hatari. Baadaye alikiri kwamba kwa muda mrefu alikuwa anaona povu chooni, povu linalokaa kama la kufulia nguo, akadhani ni sabuni ya kusafishia choo. Ilikuwa protini. Vichujio vilikuwa vimeanza kuvuja. Aliachishwa diklofenaki, akarudi kwenye vidonge vya presha bila kuruka, na hadi leo figo zake zinamtumikia, ingawa si kama zamani.

Hilo la "nakojoa vizuri" naomba lisikike. Figo zinaweza kupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake mtu asihisi lolote. Wengine huanza kukojoa zaidi, hasa usiku, kwa sababu figo dhaifu haziwezi tena kurudisha maji inavyotakiwa. Wingi wa mkojo hauonyeshi kama damu imesafishwa. Kinachoonyesha ni kipimo cha kreatinini kwenye damu, ambacho daktari hukitumia kukadiria kasi ya uchujaji. Kasi ikikaa chini ya mililita 60 kwa dakika kwa miezi mitatu, huo ni ugonjwa sugu wa figo, na chini ya 15 figo zimeshindwa. Kingine ni kupima protini kwenye mkojo. Mwenye presha au kisukari asisubiri dalili, kwa sababu hayo mawili ndiyo yanayoongoza duniani kwa kuharibu figo, na yote mawili hupitia kwenye mishipa ya damu.

Kiuno kikiuma watu husema ni figo. Figo ziko juu zaidi, nyuma, zikigusana na mbavu za chini, na ugonjwa wake sugu kwa kawaida hauumi. Kijiwe kinachoshuka ndicho huuma, tena vibaya mno, kwa mawimbi, kutoka ubavuni hadi kinenani. Maumivu ya kiuno baada ya kubeba ndoo au kuinama shambani mara nyingi ni misuli na pingili.

Na "UTI" tunayoisingizia vyoo vya shule na vya ofisini? Bakteria wanaoileta kwa kawaida ni wa utumbo wa mtu mwenyewe. Wanawake huipata zaidi kwa sababu njia yao ya mkojo ina urefu wa kama sentimita 4 tu, wakati ya mwanamume hukaribia 20. Kujisafisha kutoka mbele kwenda nyuma husaidia kuliko kuogopa choo. Anayeambiwa ana UTI kila mwezi aombe mkojo wake uoteshwe maabara kabla ya kumeza antibayotiki nyingine.

Kukojoa damu ni habari nyingine. Huko Pemba, Unguja na kwingine penye kichocho cha mkojo, mtoto anayekojoa damu mwishoni mwa haja asiachwe kwa kudhaniwa amekua. Minyoo hiyo huishi ndani ya mishipa ya damu inayozunguka kibofu, na mayai yake yenye mwiba hutoboa ukuta ili yatoke na mkojo. Dawa ipo, prazikwanteli. Kichocho kikiachwa miaka mingi kinaweza kuleta saratani ya kibofu.

Wapo pia wanaosema jasho hutoa sumu mwilini. Jasho halitoi sumu za maana. Ni maji na chumvi, na kazi yake ni kuupoza mwili.

Watu huogopa pia mashine ya kusafisha damu, wakisema ukiiingia hutoki. Wapo wanaoitegemea maisha yao yote, mara nyingi vipindi vitatu kwa wiki vya saa nne nne. Lakini mama aliyepoteza damu nyingi wakati wa kujifungua, au mtu aliyekaushwa na kipindupindu, figo zake zinaweza kusimama ghafla, akasafishwa damu kwa muda, zikaamka tena. Kumnyima mashine kwa hofu hiyo ni kumwacha afe na ugonjwa unaopona.

Vilevile husemwa kwamba anayetoa figo moja amejipunguzia nusu ya uhai. Mwaka 1954, huko Boston, Ronald Herrick alimpa pacha wake Richard figo moja, katika upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa. Ronald aliishi miaka 56 baada ya siku hiyo. Figo inayobaki hupanuka na kubeba kazi zaidi, na anayetaka kutoa hupimwa kwa kina kwanza. Tanzania tulianza Novemba 2017, Muhimbili.

Figo mpya hawaiweki mgongoni. Huiweka chini ya tumbo, upande mmoja, na zile za zamani kwa kawaida huachwa palepale. Madaktari huunganisha kwanza mishipa ya damu, kisha huachia vibanio. Figo iliyokuwa imepauka huwa nyekundu machoni pao, na mara nyingi, kama imetoka kwa mtu aliye hai, matone ya mkojo huanza kudondoka palepale mezani, mrija ukiwa bado haujaungwa na kibofu.