Unamuuguza Mtu Nyumbani? Dawa Zako Umekunywa?

Mama anaingia kliniki akimkokota mumewe aliyepooza upande mmoja. Kila kitu cha mgonjwa kiko mkononi: kadi, majibu ya vipimo, dawa zilizobaki, hata karatasi ya saa za kuzimeza. Namuuliza, "Na wewe mama, presha yako ulipima lini?" Ananijibu, "Acha kwanza huyu apone." Jibu hilo nalisikia karibu kila wiki, na ndilo linalonifanya niandike maswali haya, ambayo wanaouguza huniuliza wakiwa tayari mlangoni, wanaondoka.

Anayeuguza ni nani hasa?

Ni yeyote anayemwogesha, kumlisha, kumgeuza, kumpa dawa au kukesha na mtu wake anayeumwa, bila mshahara. Hata wewe unayesema "mimi namsaidia tu."

Nina presha, lakini tangu mama aanguke nimeacha dawa. Mbona sijisikii vibaya?

Kwa sababu presha haisemi. Unaweza kuwa na 180 kwa 110 na ukafua mashuka asubuhi nzima bila kuumwa hata kichwa. Ukiacha dawa inapanda tena, na inaanza kuharibu mishipa ya ubongo, moyo na figo taratibu. Huenda ukaijua siku utakayopata kiharusi. Siku hiyo nyumba itakuwa na wagonjwa wawili na hakuna wa kuwauguza.

Rudi kliniki wiki hii. Usimeze dozi mbili kufidia siku ulizoruka, na usichukue vidonge vya mama eti kwa kuwa naye ana presha. Vyake alipimiwa yeye. Mwenye kisukari, pumu, kifafa au anayetumia dawa za VVU, maneno haya ni yake pia.

Siwezi kusubiri mpaka mgonjwa apate nafuu?

Hapana. Kiharusi kinauguzwa miezi na miaka. Ugonjwa wa kusahau wa wazee hauna siku ya kupona. Ukisema "nikimaliza huyu nitajiangalia," unajiahirisha kwa miaka. Uvimbe kwenye titi hausubiri. Damu inayotoka ukeni baada ya hedhi kukoma haisubiri. Kikohozi kilichozidi wiki 2 hakisubiri, na tena hicho unaweza kumwambukiza mgonjwa ambaye mwili wake umeshadhoofika.

Hata kama sina wa kumwachia?

Hata kama. Siku unayomleta mgonjwa, sema wazi, "Naomba na mimi nipimwe." Kupima presha ni dakika chache. Kama una tatizo linalohitaji muda, mwombe jirani au ndugu akae naye asubuhi moja. Najua kuomba kunatia haya. Omba hivyo hivyo.

Nikijinyoosha karibu na kitanda chake, si nimepumzika?

Hujapumzika. Kulala huku sikio likisubiri aite si kulala. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi. Aliyekaa macho saa 17 mfululizo akili yake inaanza kuwa nzito kama ya mtu aliyekunywa pombe, na ndiye huyo huyo anayetegemewa kupima insulini saa tano usiku. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa 2 au karibu na hapo ili asipate vidonda vya mgandamizo. Hesabu mwenyewe kama mtu mmoja anaweza kufanya hivyo usiku kucha na bado akalala. Ni lazima kuwe na zamu.

Kupumzika ni pale mtu mwingine ameshika jukumu na wewe umetoka. Kaa nje, tembea, nenda kwenye ibada, lala chumba kingine mlango ukiwa umefungwa. Anza na nusu saa kila siku, kisha utafute nusu siku kila wiki.

Ndugu zangu wanasema, "Unachokaje, si mama yako?"

Hapa huwa nakosa subira. Anayesema hivyo mara nyingi hajawahi kukaa naye usiku hata mmoja. Pesa anazotuma zinasaidia sana, lakini hazimgeuzi mgonjwa. Usimwambie "nisaidieni jamani," maana hilo halina mwenyewe. Mwambie, "Jumamosi saa tatu asubuhi mpaka saa tisa ni zamu yako." Mwandikie saa za dawa, mwonyeshe namna ya kulisha, kisha uondoke. Usirudi kuchungulia.

Mgongo unaniua, kila siku nameza vidonge vya maumivu. Kuna ubaya?

Upo. Ibuprofeni au diklofenaki ya kila siku huleta vidonda vya tumbo, huumiza figo na hupandisha presha. Anza na chanzo: usimnyanyue peke yako. Tandika shuka imara chini yake, mmoja huku mwingine kule, kunjeni magoti, mvuteni kwa shuka. Miguu ikifa ganzi au mkojo ukikutoka bila kujijua, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Jana nilimfokea, nikalia usiku kucha. Mimi ni mtu mbaya?

Hapana. Umechoka kupita kiasi. Ukihisi mkono unataka kuinuka, mlaze salama, toka nje mpaka moyo utulie, kisha mpigie mtu aje akupokee. Wengi wamewahi hata kutamani yaishe, na wanaona aibu kulisema. Tuambie, hatutashangaa. Lakini huzuni ikidumu wiki 2, usingizi ukikataa hata unapopata nafasi, njoo utibiwe. Ukiwaza kujiua au kumdhuru, usilale na wazo hilo: mwite mtu akae nanyi, nawe uende hospitali leo.

Dalili gani nisizisubiri hata saa moja?

Uso kupinda, mkono au mguu kuishiwa nguvu ghafla, ulimi kuwa mzito, kifua kubana, kushindwa kupumua. Hata zikipotea baada ya dakika 10, nenda. Usimalize kwanza kumwogesha. Mlaze kwa ubavu, piga kelele jirani aje akae naye, na mwingine akupeleke hospitali.