Kwa nini kidonda cha kulalia huanzia mfupani?

Mgonjwa wa kiharusi amelala chali siku kadhaa. Anapobadilishiwa shuka, juu kidogo ya makalio linaonekana doa lililoiva rangi, kama zambarau. Ngozi haijachubuka. Wiki moja baadaye pana shimo la kuingia kidole, na watu wa nyumbani wanashangaa limetoka wapi. Halikutoka popote: siku doa lilipoonekana, nyama ya ndani ilikuwa imekwisha kufa.

Uzito wa mtu aliyelala hukusanyika penye mifupa iliyojitokeza: kisogo, mabega, viwiko, mfupa wa chini ya mgongo, nyonga kwa anayelala ubavu, na visigino. Hapo nyama hubanwa kati ya mfupa na godoro, mishipa midogo ikafunga, damu isipite. Mgandamizo huwa mkali zaidi pale nyama inapogusana na mfupa, tena msuli hauvumilii kukosa oksijeni kama ngozi inavyovumilia. Kwa hiyo uharibifu mara nyingi huanza chini na kupanda juu.

Kuteleza nako huumiza. Mgonjwa aliyeinuliwa kichwa hushuka polepole kuelekea miguuni. Ngozi yake imenata kwenye shuka huku mfupa ukisogea, na mishipa iliyo katikati huvutwa hadi ikapindika. Kama tabibu hajaagiza vingine, kichwa cha kitanda kisizidi nyuzi 30, isipokuwa wakati wa kula na muda mfupi baada yake. Kumsogeza, mnyanyueni watu wawili kwa shuka la kati, lile lililotandikwa chini ya kiwiliwili chake, msimburute.

Kipimo kinachofundishwa ni kubonyeza penye wekundu kwa sekunde 3: pakigeuka peupe kisha rangi ikarudi, damu bado inapita, pakibaki vilevile, hiyo ni hatua ya 1, yaani mwanzo wa kidonda. Tatizo ni kwamba kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani, na anayeusubiri huchelewa. Tumia mwanga wa kutosha, linganisha rangi na ngozi ya pembeni, kisha gusa kwa mgongo wa mkono. Pana joto au baridi kuliko jirani? Pamekakamaa, au pamelegea na kubonyea? Panauma? Angalia pia nyuma ya masikio penye mpira wa oksijeni na kingo za plasta ya mfupa.

Hospitalini hutumika mizani ya Braden, orodha ya alama ya kukadiria hatari ya kidonda cha kulalia, ya mwaka 1987: vipengele 6, alama 6 hadi 23, na kwa kawaida 18 kushuka chini ni hatari. Ni mizani nzuri, ila alama nzuri isikufanye uache kumvua mgonjwa soksi na kukagua visigino.

Desturi ya kumgeuza kila saa 2 inahusishwa sana na Ludwig Guttmann, aliyeanzisha kituo cha majeruhi wa uti wa mgongo Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944. Ni pa kuanzia tu. Ukimgeuza ukakuta alama isiyofifia, punguza muda. Usimlaze ubavu kamili, maana uzito wote utahamia nyonga. Mwinamishe nyuzi 30, mto nyuma ya mgongo, kisha pitisha kiganja chini ya ule mfupa wa chini ya mgongo: kikipita bila kubanwa, umepatia. Visigino vielee: mto uwekwe kwa urefu chini ya shavu la mguu, magoti yakunjike kidogo, na karatasi ipite chini ya kisigino bila kukwama.

Glovu iliyojazwa maji haisaidii, kwani kisigino bado kimekalia eneo dogo. Mto wa duara wenye tundu katikati hubana mishipa kuzunguka palepale unapopalinda. Kukanda penye wekundu huzidi kuumiza nyama iliyokwisha dhoofika, na spiriti hukausha ngozi tu.

Mkojo na kinyesi pia huchubua, lakini usichanganye. Mchubuko wa unyevu huwa wa juujuu, umetapakaa kwenye mikunjo, kingo hazieleweki. Wa mgandamizo hukaa juu ya mfupa na mara nyingi una mpaka. Osha kwa maji ya uvuguvugu, kausha kwa kugusisha taulo bila kusugua, paka kiasi cha mafuta mazito.

Chakula kisipuuzwe. Aliye hatarini na mwenye utapiamlo huhitaji protini gramu 1.25 hadi 1.5 kwa kila kilo ya mwili. Wa kilo 50 ni kama gramu 63 hadi 75 kwa siku. Yai moja lina takriban 6, basi uji mtupu haufiki. Mwenye ugonjwa wa figo apangiwe na daktari.

Na gamba jeusi kavu lililoshika kisiginoni, lisilo na usaha wala wekundu pembeni, lisibanduliwe. Linafunika kama bandeji. Likilegea, likitoa majimaji au harufu, au mgonjwa akipata homa, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.