Zombi si lazima ale watu

Siku hizi maiti yeyote anayetembea kwenye filamu ni zombi, na wanaotafsiri filamu kwenye vibanda umiza wakimwona tu wanatangaza: "Msukule huyo!" Mara nyingi wanakosea. Ila ipo filamu moja ambayo wangepatia kabisa.

Zombi ni mfu aliyeinuka na kutembea bila akili zake. Basi. Ugomvi uko kwenye kazi anayoinukia.

Jina limetoka Haiti, na inasadikiwa lilifika huko na watumwa kutoka Kongo na Angola. Wakongo wanalo nzambi, Mungu au roho. Haiti ilikuwa koloni la miwa la Wafaransa hadi 1804, na zombi wa huko hakula mtu. Alikuwa marehemu aliyefukuliwa na mchawi ili atumikishwe. Kwa mtumwa aliyetegemea kupumzika angalau akifa, kuna tisho gani kupita hilo? Wanajeshi wa Marekani waliikalia Haiti kuanzia 1915 hadi 1934, simulizi hizo zikavuka bahari, na mwaka 1932 ikatoka White Zombie, Bela Lugosi akiwa mchawi mwenye kiwanda cha sukari. Angalia humo kiwandani: wafu wanasukuma mashine ya kusaga miwa, mmoja anatumbukia ndani, wenzake hata hawageuki. Mashine inaendelea kuzunguka. Hakuna aliyeng'atwa. Huyo ndiye msukule hasa, yule tuliyesimuliwa kwamba hukatwa ulimi, hulishwa pumba na kulimishwa usiku.

Mla nyama alikuja 1968, George Romero alipotoa Night of the Living Dead, iliyopigwa Pennsylvania. Na humo ndani neno zombi halitamkwi hata mara moja! Wafu wake wanaitwa "ghoul", jina lililotokana na ghuli wa Waarabu, yule jini mla maiti. Uzombi walibandikwa baadaye, ukaganda.

Majarida ya filamu za kutisha nayo yana mkono wake. Famous Monsters of Filmland, lililoanza 1958 chini ya mhariri Forrest J Ackerman, liliwalea wasomaji kwa picha za Lugosi na mwigizaji mwenzake wa filamu za kutisha, Boris Karloff. Fangoria, la 1979, likawapa damu ya rangi na siri za mafundi wa kutengeneza majeraha bandia. Shabiki wa lile na shabiki wa hili wanaweza kubishana mpaka alfajiri, mmoja akimfikiria mtumwa, mwenzake akifikiria meno. Wanaonikera mimi ni hawa wa meno, wanaoicheka filamu ya 1932: "Zombi gani hawa, hawang'ati?"

Wale wa Romero, waliozingira nyumba wakitaka kula watu, haya, waite zombi, jina limeshazoeleka. Ukitaka Kiswahili, mazimwi inawafaa kuliko misukule, maana msukule hana habari na nyama yako. Na ukiketi kuitazama White Zombie, usiwangoje wale wa mashineni wakurukie. Wa kuogopwa mle ni Lugosi, mwenye kiwanda.