Tuzungumze kabla ya Septemba: wafanyakazi wa Leta, masendika na serikali

Kila mwaka, shule zinapofunguliwa mwanzoni mwa Septemba, ofisini kwetu Lubumbashi napokea mgeni wa aina moja. Ni mwalimu aliyetoka Katuba au Ruashi, mara nyingi kwa miguu, ana barua mkononi. Ananiambia: "Papa Inspekta, sendika yetu imetangaza mgomo. Tunaomba mutusaidie kuzungumza na Leta." Sendika ni chama cha wafanyakazi, na Leta ndivyo tunavyoiita dola, l'État kwa Kifaransa. Namkaribisha kiti, naisoma barua yake, halafu inanibidi nimweleze mambo mawili ambayo hakuja kuyasikia. Kwanza, mlango aliobisha si wake. Pili, amefika wakati chungu kimeshaepuliwa.

Nianze na mlango, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapoteza nguvu na nauli. Chukua nyumba moja ya Katuba, kwa mfano tu. Papa ni fundi kwenye SNCC, kampuni ya reli. Mama ni muuguzi katika hospitali ya Leta. Mtoto wao wa kwanza anafundisha shule ya msingi. Majirani wanawaita wote watatu "watu wa Leta". Mbele ya sheria hawako pamoja. SNCC, sawa na Gécamines ya migodi, SNEL ya umeme na Regideso ya maji, ni kampuni, hata kama mwenye mali ni Leta. Kwa hiyo Papa analindwa na Sheria ya Kazi, ile Code du travail ya tarehe 16 Oktoba 2002 iliyorekebishwa mwaka 2016. Mama yuko chini ya sheria nyingine, namba 16/013 ya tarehe 15 Julai 2016, inayosimamia watumishi wa kudumu wa Leta. Mwalimu yuko upande huo wa Mama, pamoja na kanuni za sekta yake ya elimu.

Matokeo yake ni haya. Kazini kwa Papa kukitokea mgogoro, wajumbe wa sendika waliochaguliwa na wafanyakazi wenyewe wanakaa na uongozi. Wakishindwa kuelewana, sisi wakaguzi wa kazi tunaitwa kupatanisha. Ikishindikana tena, kuna tume ya usuluhishi, na mwisho mahakama ya kazi. Mgogoro wa Mama haupiti kwetu hata kidogo. Unapanda ngazi kwa wakubwa wake mpaka wizarani, na mshahara wake unajadiliwa Kinshasa, kwenye meza ambapo wajumbe wa serikali wanakaa na banc syndical, yaani wasemaji wa masendika ya watumishi wa umma. Gavana wa Haut-Katanga, mkoa wetu, anaweza kupokea memorandamu ya walimu kwa heshima zote, lakini mshahara wao haumo katika hazina yake. Nimeona watu wakiandamana siku tatu mfululizo mbele ya ofisi isiyo na ufunguo wa sanduku wanalolitaka lifunguliwe.

Sasa hizo pande tatu. Shirika la Kazi Duniani, lililoanzishwa mwaka 1919, limejengwa juu ya wazo kwamba mambo ya kazi yazungumzwe na serikali, waajiri na wafanyakazi pamoja. Kwetu wazo hilo linaishi katika Baraza la Taifa la Kazi, Conseil national du travail. Humo FEC, shirikisho la makampuni, na mashirika mengine yanasemea waajiri, UNTC, CSC, CDT na wenzao wanasemea wafanyakazi, na serikali inakaa kati. SMIG, kile kima cha chini cha mshahara wa siku, hupitia hapo kabla ya kutiwa sahihi.

Katika utumishi wa umma mambo ni magumu zaidi, na ningependa kila raia aelewe kwa nini. Pale serikali haikai kati. Ndiyo mwajiri, ndiyo inayotunga kanuni, na ndiyo inayoshika fedha. Muuguzi akilalamika, anayemsikiliza ni yule yule anayelalamikiwa. Mkataba namba 151 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1978, uliona shida hiyo. Unataka migogoro ya watumishi wa umma itatuliwe kwa mazungumzo, au kwa njia huru isiyoegemea upande wowote, kama upatanishi. Mimi naamini kwamba mpatanishi huyo huru, mwenye kuaminiwa na pande zote, ndiye pengo kubwa kuliko yote katika nchi yetu. Asipokuwepo, kinachobaki ni nguvu tu: mmoja anagoma, mwingine anakaa kimya, na mtoto anabaki nyumbani.

Waajiri binafsi nao wasidhani hayawahusu. Mkuu wa kampuni ya barabara ya Likasi anapotafuta kijana anayejua kusoma mchoro na kuandika ripoti, anamtafuta kati ya watoto waliofundishwa na mwalimu huyu. Wafanyakazi wake wakiugua, wengi wanakwenda hospitali ya Leta. Na kodi anayolipa ndiyo inayoingia katika chungu nilichokitaja, yaani bajeti ya Leta.

Turudi kwenye chungu. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 126, inasema serikali ipeleke mswada wa bajeti bungeni kabla ya tarehe 15 Septemba kupita. Hesabu basi. Sendika inayoanza kudai nyongeza siku ya kufungua shule ina wiki mbili tu, na katika wiki hizo mswada uko kwa mpiga chapa. Wizara zimekwisha kugombea mafungu yao miezi mingi kabla, na wenye kudai hawakuwepo. Wabunge wana haki ya kurekebisha mswada, ni kweli, lakini kuhamisha faranga ambayo imepewa kazi nyingine ni vita ya mwaka mzima. Ndiyo maana mgomo wa Septemba huzaa ahadi, na ahadi haina mstari katika bajeti. Mwaka unaofuata tunarudia.

Mfano mkubwa ni Mbudi. Tarehe 12 Februari 2004, serikali na masendika ya watumishi wa umma walitia sahihi pale Mbudi, Kinshasa, makubaliano juu ya ngazi za mishahara. Mtu wa chini kabisa, tarishi wa ofisi, alipaswa kufika dola 208 hivi kwa mwezi, na katibu mkuu wa wizara mara kumi ya hapo. Makubaliano yalikuwa mazuri. Yalitoa kipimo, yalionyesha umbali wa haki kati ya mdogo na mkubwa. Ila ngazi hiyo haikuingizwa yote katika bajeti za miaka iliyofuata, na miaka zaidi ya ishirini baadaye masendika bado yanataja "barema ya Mbudi" kama deni. Hapo kila upande ulikosea. Serikali ilitia sahihi bila kuonyesha fedha zingetoka wapi na kwa hatua gani. Masendika yalikubali karatasi bila kudai ratiba, wala tume ya kufuatilia yenye haki ya kuona hesabu.

Hapa Lubumbashi tuna kumbukumbu nzito zaidi ya mahali pasipo na meza kabisa. Mwezi Desemba 1941, wakati wa vita, bei zikiwa zimepanda, wafanyakazi weusi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa ukoloni, waliacha kazi wakidai mshahara uongezwe. Tarehe 9 askari wa mkoloni waliwapiga risasi kwenye uwanja wa mpira wa mji huu, uliokuwa ukiitwa Élisabethville. Makumi walikufa, akiwemo msemaji wao Léonard Mpoyi. Mwafrika hakuwa na haki ya sendika wakati huo. Amri iliyoruhusu vyama vya wafanyakazi Waafrika ilitoka mwaka 1946, baada ya damu hiyo. Leo Katiba inatoa uhuru wa sendika katika kifungu cha 38 na haki ya mgomo katika kifungu cha 39, ikiruhusu sheria kuweka mipaka penye ulinzi, usalama na huduma ambazo taifa haliwezi kuishi bila hizo. Vijana wanaoona kadi ya sendika kama kikaratasi cha kukatwa faranga kila mwezi wawaulize wazee wa mji huu iligharimu nini.

Kuna pia yale tuliyoyaona kwa macho yetu. Gécamines, iliyokuwa imetoa tani zaidi ya 470,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilikuwa imeanguka, na watu walikaa miezi mingi bila mshahara. Mwaka 2003 likaja zoezi la "kuondoka kwa hiari", kwa fedha za Benki ya Dunia. Wafanyakazi 10,655 waliondoka. Kupunguza watu huenda kulikuwa hakuepukiki, nalisema wazi. Lakini malipo yalipangwa kwa kiasi cha jumla kilichokadiriwa na wataalamu, si kwa hesabu ya mkataba wa pamoja ambao wafanyakazi waliujua. Aliyetumikia miaka 25 na zaidi aliitwa kuweka sahihi juu ya hesabu ambayo hakuishiriki. Malalamiko ya watu hao hayakuisha. Wengine wamezeeka nayo, wengine wamezikwa nayo. Mazungumzo yakija baada ya uamuzi, huwa ni kutangaza tu.

Hata jambo jema linaumia kwa njia hiyo. Elimu ya msingi bila malipo ilianza Septemba 2019, na mimi naiunga mkono kwa moyo wote, maana iliwarudisha darasani watoto wengi waliokuwa wakiuza maji barabarani. Ila tangu miaka ya 1990 wazazi ndio waliokuwa wakiongeza mshahara wa mwalimu kwa ile "prime". Siku ilipofutwa, mwalimu wa mjini, ambaye prime yake wakati mwingine ilipita mshahara wa Leta, alijikuta amepungukiwa, huku darasa lake likijaa. Na wale wanaoitwa NU na NP, walio kazini bila matrikule, ile namba ya mtumishi, au bila kulipwa, waliendelea kungoja. Laiti wangehesabiwa kwanza, shule kwa shule, mageuzi yangeanza na mguu imara.

Neno hilo "kuhesabiwa" ndilo ninalotaka kulisisitiza. Mwezi Mei 2023, Ukaguzi Mkuu wa Fedha, IGF, ulitoa matokeo ya uchunguzi wake juu ya malipo ya watumishi wa Leta: namba za matrikule 145,604 zisizo sahihi au za kutungwa, na watu 53,328 wanaotumia matrikule ya mwingine. Hasara ilikadiriwa kupita faranga bilioni 148 kwa mwezi. Mwalimu wa Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, anayehesabu mshahara wake kwa mifuko ya unga anaposikia hivyo, anaona chakula cha wanawe kikiliwa na jina lisilo na mtu. Na hapa masendika yana nafasi ambayo hakuna mkaguzi kutoka Kinshasa anayeweza kuwa nayo. Mjumbe wa sendika anajua kwa sura nani anafundisha darasa la nne, nani alikufa miaka mitatu iliyopita, nani amehamia Kolwezi. Akikubali kusafisha orodha pamoja na mwajiri, anapata haki ya kuuliza: faranga zilizookolewa zimekwenda wapi? Swali hilo lina uzito mezani kuliko mabango.

Wazee nao wamo. Sheria ya 2016 inataka mtumishi apumzike akifika umri wa miaka 65 au akitimiza miaka 35 ya kazi. Wengi hubaki kwa kuogopa njaa, na kijana aliyemaliza chuo anakosa nafasi. CNSSAP, mfuko wa pensheni ya watumishi wa umma, iliundwa kwa dekreti mwaka 2015 kwa ajili hiyo. Nawasihi walio kazini wahakikishe majina yao na tarehe zao za kuzaliwa ni sawa katika kila karatasi. Herufi moja iliyokosewa imewatesa wajane wengi.

Kwa hiyo ninachopendekeza hapa Haut-Katanga hakidai sheria mpya. Kikao cha pande tatu kifanyike mkoani kila Februari au Machi: idara za mkoa, masendika yote kwa orodha moja ya madai, na FEC ya mkoa. Kila mmoja aje na hesabu. Masendika, ambayo ni mengi na mara nyingi yanasemana vibaya, yakubaliane kwanza nani atasema. Yakitoka mapatano, yaandikwe pamoja na kiasi, tarehe, na majina ya watakaofuatilia, kisha yapelekwe Kinshasa wakati mafungu ya bajeti bado yanagawanywa.

Mwalimu mmoja kati ya wale wa Septemba alinisikiliza mpaka mwisho akiwa amekunja uso. Nilidhani nimemvunja moyo. Februari alirudi na wenzake wawili wa sendika na daftari la shule sita: nani ana matrikule, nani hana, tangu mwaka gani, nani amefariki lakini jina lake bado lipo. Mlango wangu haukuwa wake bado, lakini tuliketi tukaandika barua vizuri, tukaweka nakala ya daftari nyuma yake. Waliipeleka kwenye ofisi inayohusika, wakadai nakala yao ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Nakala hiyo anayo. Juu yake imeandikwa Februari.