Gari limelala polisi kwa sababu ya pombe: namna ya kulitoa bila kujiongezea kesi

Kwenye dawati letu la msaada wa kisheria hapa Moshi, watu wa mirathi na mipaka ya vihamba huja siku yoyote. Wa magari yaliyolala polisi huja Jumatatu. Desemba, wenzetu wa Dar wanapopanda Machame, Kibosho na Marangu kula sikukuu, huja hata Jumatano. Mara nyingi anayekuja si dereva. Ni mke wake, kaka yake, au mwenye gari ambaye usiku ule alikuwa amejilalia nyumbani Pasua. Na swali huwa lilelile: "Wakili, tulipe shilingi ngapi gari litoke?"

Swali hilo limeanzia mwisho. Kabla ya pesa, kabla hata ya kutafuta kadi ya gari kabatini, mtu anatakiwa ajue gari linashikiliwa kwa sababu gani. Nimeona watu wakimaliza siku tatu kwenye benchi la kituo kwa sababu hawakuuliza hilo siku ya kwanza.

Na kabla ya hilo, gari liko wapi? Msicheke. Kati ya Arusha na Moshi unavuka mikoa miwili, na kwa kawaida gari hupelekwa kituo cha karibu na ulipokamatwa. Aliyesimamishwa Usa River yuko mkoa wa Arusha. Aliyesimamishwa Boma Ng'ombe yuko Hai, mkoa wa Kilimanjaro. Dereva aliyelewa hakumbuki kama alikuwa amevuka njia panda ya uwanja wa ndege au la, na familia inaamkia Kituo Kikuu cha Arusha wakati gari limeegeshwa Boma. Piga simu kwanza. Ukifika, omba namba ya RB, yaani namba ya shauri kwenye kitabu cha taarifa cha kituo, na jina la askari anayeshughulikia shauri, uviandike kwenye karatasi, si kiganjani.

Sasa sababu. Iliyo nyepesi kuliko zote ni kwamba hakukuwa na mtu wa kuliendesha. Trafiki kasimamisha gari saa nne usiku, dereva kapuliza kipima ulevi kavuka kiwango, na waliomo ndani ama hawana leseni ama wamelewa kumzidi. Gari haliwezi kuachwa pembeni ya barabara kuu, basi linapelekwa kituoni kwa usalama. Hapo gari lenyewe halithibitishi chochote. Ushahidi wa kosa ni kipimo na maelezo ya askari, kwa hiyo mwenye gari akija na karatasi zake na dereva mzima, hakuna sababu kubwa ya kulizuia. Ndiyo maana mtu anayekamatwa akiwa na ndugu asiyekunywa, mwenye leseni ya daraja la gari hilo, anaweza kuomba palepale barabarani, kwa heshima, ndugu huyo akabidhiwe gari. Si lazima akubaliwe. Lakini ombi halina gharama, na linaepusha usiku mmoja wa yadi.

Sababu ya pili ni nzito: pombe imeambatana na ajali. Kuna aliyegongwa, kuna ukuta umeanguka, kuna pikipiki chini ya bampa. Gari sasa ni kielelezo, yaani ushahidi wa kesi. Ya tatu ni ya gari lenyewe: bima imekwisha, tairi zimekuwa vipara, kuna faini za nyuma hazijalipwa. Hizi zinaweza kupandana zote juu ya gari moja kwa usiku mmoja, na kila moja ina mlango wake wa kutokea.

Kwa upande wa dereva, Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ina makosa mawili yanayofanana sura. La kwanza ni kuendesha huku pombe au dawa imekulevya kiasi cha kushindwa kulimudu gari. La pili ni kuendesha ukiwa na kilevi kinachozidi miligramu 80 katika mililita 100 za damu, yaani ile 0.08 ya kwenye kipimo. Kwa hiyo utetezi wa "nilikunywa mbili tu" haufiki mbali, kwani hata kabla ya namba askari anaweza kueleza mahakama jinsi gari lilivyokuwa likiyumba na dereva alivyoshuka akiwa ameshikilia mlango. Kukataa kupimwa bila sababu ya msingi nako ni kosa. Shauri hili huenda mbele ya hakimu, ambaye anaweza pia kuigusa leseni.

Hapa ndipo familia nyingi hupotea. Dhamana inamtoa mtu, haitoi gari. Kosa la ulevi barabarani lina dhamana, na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inataka aliyekamatwa adhaminiwe polisi au afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Dhamana hiyo hailipiwi. Mdhamini aje na kitambulisho cha NIDA na barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji chake, basi. Gari lina safari yake, na ushauri wangu ni kugawana kazi: mtu mmoja ashughulike na ndugu, mwingine ashughulike na gari. Anayefanya yote mawili peke yake hujikuta akiongea na mpelelezi mambo ya trafiki na kwa trafiki mambo ya mpelelezi, na wote wawili wanamwambia arudi kesho.

Karatasi ndizo zinazochosha. Atakayesikilizwa ni mwenye gari, na mwenye gari kwa macho ya kaunta ni yule ambaye jina lake liko kwenye kadi. Hapo tunagusa kidonda cha mji mzima. Gari limenunuliwa kwa mtu wa Sakina, naye alinunua kwa daktari wa KCMC, na kadi bado inasoma jina la daktari. Siku zote limetembea bila shida. Siku limelala polisi ndipo unatafutwa daktari ambaye alishahamia Mwanza. Kama uko kwenye hali hiyo, peleka mkataba wa mauziano wenye saini na mashahidi, na ikiwezekana muuzaji mwenyewe aje na kitambulisho chake au aandike barua kuthibitisha kwamba alikuuzia. Kisha ukishalipata gari, nenda TRA ukamilishe uhamisho wa umiliki, maana shida hii itajirudia kwenye bima, kwenye ajali na kwenye mirathi, na ya mirathi huwa na kelele zaidi.

Kuna ambao kadi iko benki au kwenye taasisi ya mikopo kama rehani. Usiende kituoni mikono mitupu ukitegemea maelezo ya mdomo. Mkopeshaji atakupa nakala ya kadi na barua inayosema wewe ndiye mwenye kulitumia gari. Gari la kampuni linahitaji barua ya kampuni yenye mhuri inayomtaja atakayelichukua. Gari la marehemu, mtu mwenye barua za usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Na mwenye gari akiwa safarini, amwandikie mtu mmoja barua ya idhini, aambatanishe nakala ya kitambulisho, apatikane kwenye simu. Mmoja, nasisitiza. Ndugu watatu wakifika kaunta kila mmoja akijiita msimamizi, afande ana haki ya kusita.

Bodaboda wana ugumu wa ziada. Pikipiki ni ya bosi, kijana analeta hesabu kila jioni, mkataba ni wa maneno au wa karatasi ya daftari. Kijana akikamatwa Mbauda amelewa, bosi anafikiri akimkana ndiyo salama. Hapana. Bosi aje mwenyewe na kadi, aeleze bila kuficha kwamba pikipiki ni yake na aliyekuwa akiiendesha ni fulani kwa makubaliano fulani. Kuhusu hesabu ya siku ambazo pikipiki imelala, hilo polisi hawalijui. Ningependa kila mkataba wa bodaboda uliseme mapema, kwa sababu tunaletewa ugomvi huo mara nyingi kuliko kesi yenyewe.

Pesa sasa. Faini halali inalipwa kwa kontro namba, kwa simu au benki, na unabaki na uthibitisho. Faini za nyuma unaweza kuzikagua mtandaoni kwa namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa usalama barabarani. Zikague na kuzilipa kabla hujafika, zisije zikaibuliwa wakati umeshashika ufunguo. Brekidauni iliyovuta gari ni gharama halisi, ulizia ni ya nani, mkubaliane na uchukue risiti. Pesa isiyo na risiti wala kontro namba, hata ikiitwa ya chai, ya karatasi au ya ulinzi wa usiku, huwajibiki kuitoa. Namba ya TAKUKURU ni 113, haina malipo. Na yule kijana mcheshi nje ya geti anayejua "kwa kupitia", mwache aendelee kuota jua.

Gari likiwa kielelezo, usianze kugombana na kaunta, maana aliye kaunta hana uwezo wa kuliachia. Kwanza mkaguzi wa magari alikague na kuandika ripoti. Usikubali fundi aguse kitu kabla ya hapo, hata akikuambia breki ni dakika kumi, kwa sababu breki hizo ndizo zitakazoulizwa: ajali ilitokana na dereva au na gari? Baada ya ukaguzi, mwombe mpelelezi kwa barua. Kesi ikiwa imeshafunguliwa, ombi linapelekwa mbele ya hakimu, na mwendesha mashtaka anasikilizwa. Mahakama inaweza kuruhusu gari lipigwe picha na kukabidhiwa kwa mwenyewe kwa masharti: asiliuze, asibadilishe kitu, alilete likiitwa. Mwenye gari ambaye hakuwa dereva yuko pazuri zaidi kuomba, hasa kama gari ndilo linalolisha nyumba. Aseme hivyo, alete na vielelezo. Bima kubwa, kwa bahati mbaya, kwa kawaida hukataa kulipa matengenezo pale dereva alipokuwa amelewa. Soma mkataba wako kabla hujaahidi gereji.

Usilisusie gari. Mali isiyodaiwa hatimaye hutangazwa na kuuzwa kwa mnada.

Jambo moja la ajabu hutokea mapema zaidi, saa kumi na mbili asubuhi. Dereva ameshadhaminiwa, amenawa uso, anataka aondoke na gari lake mwenyewe. Mwili huondoa kilevi polepole, kiasi cha 0.015 hivi kwa saa. Aliyekuwa na 0.20 saa sita usiku, alfajiri hiyo bado ana kama 0.11, juu ya kiwango. Mtori wa moto, kahawa na maji baridi vinamfanya ajisikie mtu, lakini kwenye damu havipunguzi kitu. Kwa mtu wa kilo 70, bia tatu za nusu lita zikinywewa haraka zinatosha kumvusha 0.08, mbege, pombe yetu ya ndizi, ndiyo usiseme, haina lebo, na ya mama huyu si sawa na ya mama yule. Njoo na dereva mwingine mwenye leseni mkononi.

Dereva huyo ashike tochi ya simu na mzunguke gari pamoja kabla ya kusaini chochote. Lilipokamatwa, ilitakiwa iandikwe hati inayoonyesha kilichochukuliwa, nawe upewe nakala. Ilinganisheni na mnachokiona: tairi ya akiba, jeki, redio, betri, taa, vioo vya pembeni, kiwango cha mafuta, mizigo ya buti. Pigeni picha, kwanza mkiomba ruhusa, maana mko ndani ya eneo la polisi. Kikipungua kitu, kiandikwe kwenye karatasi ileile ya kukabidhiana, palepale, afande akiona. Ukishasaini kwamba umelipokea likiwa kamili na kufika nalo Majengo ndipo ukakumbuka kioo cha kushoto, utakinunua mwenyewe.